Kukuna Nazi Mara Tatu: Mwongozo Kamili wa Kuandika Uhusiano Unaobadilika Katika Hadithi Fupi

Mwandishi wa riwaya anaweza kumlea mhusika tangu utotoni, akamwoza, akamfilisi, kisha akampatanisha na nduguye kwenye sura ya ishirini na mbili. Wewe wa hadithi fupi una kurasa nane, zikizidi kumi na mbili, na ndani ya kurasa hizo watu wawili waliokuwa hivi wawe vile, tena msomaji asibaki anauliza, "Ilikuwaje?" Hadithi nyingi ninazoletewa na vijana nizisome huangukia mahali pale pale. Ukurasa wa sita hivi inatokea sentensi: "Tangu siku hiyo uhusiano wao ukabadilika." Msomaji kaambiwa, hajaona kitu.

Nitaeleza njia ninayoitumia mwenyewe, na ili tusielee hewani tutatembea na hadithi moja tangu mwanzo hadi nukta ya mwisho. Wahusika ni wawili. Rehema ni binti wa Singida aliyeolewa Pangani. Bi Mwanaidi ni mama wa mumewe. Mume, Hamisi, yuko kazini Dar es Salaam, hurudi mwisho wa mwezi. Nyumba ina jiko moja. Hamisi nimempeleka Dar makusudi: akiwepo nyumbani, yeye ndiye atakayekuwa hakimu wa kila ugomvi, na hadithi itakuwa yake.

Hatua ya 1: Jua nani anamhitaji nani

Wengi huanza na hisia. Walichukiana, kisha wakapendana. Hisia tupu haziandikiki. Ukijaribu utaishia kuandika "moyo wake ulijaa furaha" na msomaji atapiga mwayo.

Chukua karatasi ujibu maswali mawili. Mwanzoni, nani ana kitu ambacho mwenzake anakihitaji? Mwishoni, kitu hicho kiko kwa nani? Katika hadithi yetu, mwanzoni Bi Mwanaidi ana kila kitu: ana jiko, ana jina mtaani, ana mwana. Rehema hana lake. Hata nazi hajui kuikuna, kwao amezoea mafuta ya alizeti. Lakini Bi Mwanaidi ana mtoto wa jicho. Kila mwezi ukungu unazidi, naye hajamwambia mtu. Mwanamke anayesifika Pangani nzima kwa wali wake hawezi kusema haoni kilichomo sufuriani.

Sasa tuna jambo lenye mashiko. Jiko linahama kutoka kwa mwenye nyumba kwenda kwa mgeni, na mwenye nyumba hataki ijulikane. Hakuna aliyetaja chuki wala upendo, na bado vyote vimo.

Mabadiliko yawe mamoja. Ukitaka wapatane, wagundue siri ya urithi, na Rehema ajifungue mapacha, hiyo ni tamthilia ya televisheni ya wiki nzima.

Hatua ya 2: Chagua tendo moja, ulirudie

Hii ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote, na niliijifunza kwa kusoma, si kwa kufundishwa.

Mwaka 1899 mwandishi Mrusi Anton Chekhov alichapisha hadithi kuhusu bibi mwenye mbwa mdogo. Gurov, mwanamume wa Moscow mwenye mke na watoto, anakutana na Anna Sergeyevna huko Yalta, mji wa mapumziko kando ya bahari. Baada ya kulala naye kwa mara ya kwanza hotelini, Anna anajuta na kuona amejidhalilisha. Gurov anafanya nini? Kuna tikiti maji mezani. Anajikatia kipande, anakula polepole, na nusu saa inapita kimya. Ukisoma hapo unataka kumpiga kofi.

Sasa nenda mwisho wa hadithi. Chumba cha hoteli tena, safari hii Moscow. Anna analia tena, amesimama dirishani kampa mgongo. Gurov anamwacha alie, anaketi, anaagiza chai, anakunywa. Ukitazama harakaharaka utasema mtu ni yule yule: mwanamke analia, mwanamume anashughulika na tumbo lake. Ila katikati tumemwona akishindwa kumsahau na kusafiri hadi mji wa Anna kumtafuta, na punde baada ya ile chai anajiona kwenye kioo, nywele zimeanza kuingia mvi, akatambua kwamba ndiyo kwanza anapenda kwelikweli. Tikiti maji lililiwa na mtu aliyechoshwa. Chai imenywewa na mtu anayesubiri kilio kipite kwa sababu mzigo ni wake pia. Chekhov hakutueleza tofauti hiyo. Ametupa kilio kile kile mara mbili, kulinganisha akatuachia sisi.

Kwetu tendo litakuwa kukuna nazi. Tutalirudia mara tatu.

Mara ya kwanza, Rehema ameketi juu ya mbuzi ya kukunia nazi, anakuna kwa nguvu zote kama anayepiga msasa. Bi Mwanaidi anamtazama kidogo, anamnyanyua, anaketi mwenyewe. "Utakuna mpaka kifuu," anasema. Aliyewahi kukuna nazi anajua: ukishuka sana unachukua na ile ngozi ya kahawia, tui linaingia madoa.

Mara ya pili, miezi imepita. Bi Mwanaidi ndiye anayekuna. Rehema anapokea nazi iliyokunwa aikamue, anaona tui lina vipande vya kahawia vinavyoelea. Anamtazama mama mkwe wake. Bi Mwanaidi anaendelea kukuna, uso umetulia, vidole vinapapasa ukingo wa kifuu. Rehema anachukua kifumbu na kuchuja. Anachuja tena. Hasemi neno.

Mara ya tatu nitaihifadhi hadi mwisho wa mwongozo huu.

Angalia hiyo ya pili. Ndiyo moyo wa hadithi, wala hapajatokea kitu ambacho jirani akichungulia angekiona. Ukiandika tukio la katikati lenye makelele, kilio na kukumbatiana, la mwisho halitakuwa na kazi. Wengine hupenda kulirudia tendo mara nne au tano. Mimi huona mara ya nne msomaji kashaujua mchezo.

Kidokezo cha utendaji: chagua tendo linaloshika mikono. Kukuna, kusuka nywele, kufunga duka jioni, kuhesabu chenji, kumfungia mtoto vifungo vya shati. Tendo la mikono lina mahali pa kukosea, na kosa ndilo msomaji atakalolisoma.

Hatua ya 3: Amua macho ni ya nani

Ukimpa Rehema nafsi ya kwanza, tahadhari: manung'uniko yatajaa. "Mama mkwe wangu alininyanyasa" ni mwanzo wa simu kwenye kipindi cha redio. Ukimpa Bi Mwanaidi nafsi ya kwanza, siri ya macho inatoka aya ya kwanza, labda awe mtu wa kujidanganya hata nafsini mwake. Hilo linawezekana, ila ni kazi ya aliyezoea.

Nilichochagua ni nafsi ya tatu inayomfuata Rehema peke yake. Tunaona anachoona, hatuingii kichwani kwa mwingine. Kanuni yangu ni rahisi: mfuate mhusika anayechelewa kujua. Wakati anaokuta mambo ndio wakati msomaji anaokuta, na uhusiano unageuka mbele ya macho yao wote wawili.

Kama huna uhakika, andika aya moja kwa njia mbili. "Alininyang'anya mbuzi" na "Bi Mwanaidi aliketi juu ya mbuzi." Ya kwanza tayari imehukumu. Ya pili inamwachia msomaji ahukumu, halafu baadaye aione aibu ya kuhukumu mapema.

Hatua ya 4: Tumia majina na salamu

Waswahili hatuitani ovyo. Jina ninalokuita linasema nimekuweka wapi, na jirani akilisikia anajua tumefikia wapi. Basi litumie.

Bi Mwanaidi, akizungumza na jirani huku Rehema anasikia, husema "mke wa Hamisi". Akimhitaji, husema "wewe". Katikati ya hadithi, mara moja tu, anamwita "Rehema". Mwishoni "mwanangu". Ngazi nne. Usimweleze msomaji kwamba jina limebadilika. Ukiandika "kwa mara ya kwanza alimwita mwanangu", umemshika msomaji mkono kama kipofu. Liweke katikati ya sentensi kuhusu jambo jingine kabisa: "Chumvi iko juu ya kabati, mwanangu, nyuma ya kopo la majani."

Kwa Rehema kuna ugumu. Yeye hana uhuru wa kubadilisha wito: siku ya kwanza ni "mama" na siku ya mwisho ni "mama", ampende au amchukie. Mtu aliyefungwa na adabu hawezi kuonyesha mabadiliko kwa neno, basi ataonyesha kwa muda. Mwanzoni "Shikamoo, mama" hutolewa mlangoni, mguu mmoja uko nje. Baadaye hutolewa akiwa ameshaketi. Upande wa pili nao usahauliwe? Hata kidogo. "Marahaba" kavu, na "Marahaba, umeamkaje?" ni nyumba mbili tofauti.

Kuna na kanga. Mwanamke wa pwani anaweza kukaa wiki nzima bila kumjibu mtu, akaenda akanunua kanga, jina la kanga likajibu. Bi Mwanaidi anaweza kuvaa "Hasidi hana sababu" siku ambayo Rehema amesifiwa na wageni. Na kwa kuwa kanga huuzwa kwa doti, vipande viwili, ukitaka kuonyesha watu wamekuwa karibu, gawa doti. Mmoja akivaa kipande kimoja na mwenzake cha pili, maelezo ya nini tena? Onyo tu: majina, salamu na kanga vyote kwa pamoja ndani ya kurasa nane vitaonekana kama duka. Mimi nilibaki na majina na salamu, kanga nikaiacha, ijapokuwa roho iliniuma.

Hatua ya 5: Chunga vitenzi vyako

Hapa waandishi wengi hupita bila kugeuza shingo, na ndipo penye hazina. Kitenzi cha Kiswahili kimebeba uhusiano ndani yake.

Chukua *cheka*. Rehema alicheka: yuko peke yake. Bi Mwanaidi alimcheka: mmoja juu, mwingine chini. Bi Mwanaidi alimchekea: amemfungulia mlango. Walicheka: hapo wapo wawili. Kwa kubadilisha kiambishi kimoja umesafiri hadithi nzima. Fanya vivyo hivyo na *salimu*. "Alimsalimu" linahitaji mtu mmoja mwenye nia. "Walisalimiana" haliwezi kuandikwa mpaka wote wawili wakubali. Katika nusu ya kwanza ya hadithi yangu sikutumia kauli ya kutendana hata mara moja baina ya wanawake hawa. Hakuna kuambiana, hakuna kutazamana, hakuna kusaidiana. Ya kwanza inatokea baada ya lile tui kuchujwa mara mbili: "Walipokezana sufuria." Sidhani kama kuna msomaji atakayeiona kwa jicho. Ataisikia.

Kuna pia tofauti ya "alisema" na "alimwambia". Mtu akisema, maneno yanakwenda ukutani. Akimwambia, kuna anayeyapokea. Bi Mwanaidi wa ukurasa wa kwanza husema tu.

Nyakati nazo zina kazi. Mazoea yaandike kwa *hu-*: "Alfajiri Bi Mwanaidi hukoka moto mwenyewe, huchemsha chai, hunywa akiwa amegeukia ukuta. Rehema husubiri." Sentensi mbili, na miezi sita ya ndoa imekwisha kuelezwa. Kisha vunja mazoea kwa *-li-*: "Jumanne ile hakukoka." Moyo wa msomaji unaruka kwa sababu ulishamzoesha. *-ka-* iwekee mambo yanayofuatana upesi, usiipige kila mahali. Akaja akaketi akachukua akaweka humfanya msomaji akimbie, na tukio la kuchuja tui halitaki mbio.

Hatua ya 6: Wazungumze jambo jingine

Mwaka 1927 Ernest Hemingway alichapisha hadithi ya mwanamume Mmarekani na msichana wanaosubiri treni kwenye bonde la mto Ebro, Hispania. Treni ya kutoka Barcelona itafika baada ya dakika 40. Wanakunywa bia, wanazungumzia vilima, wanazungumzia oparesheni ambayo haitajwi ni ya nini. Kila mtu anajua ni mimba. Dakika hizo chache zinatosha kuona kwamba watu hawa hawatakuwa tena kama walivyokuwa.

Mpwani hahitaji kufundishwa mchezo huo na Mmarekani. Fumbo tumezaliwa nalo. Shida ni kwamba tukishika kalamu tunalisahau, wahusika wetu wanaanza kuhutubiana. Weka sharti: neno moja lipigwe marufuku kwenye mazungumzo. Langu lilikuwa "macho".

"Nazi hizi za wapi?"

"Za sokoni, mama."

"Siku hizi nazi zina uchafu."

"Ndiyo, mama. Zina uchafu."

"Ulichuja?"

"Mara mbili."

Bi Mwanaidi alikunja kanga yake magotini. "Basi kesho kanunue wewe."

Kila mmoja amekwisha jua kwamba mwenzake anajua. Rehema akisema "Mama, huoni vizuri, twende hospitali", amesema kweli, tena ya heri, na ameua hadithi. Twende hospitali lina mahali pake, baada ya ukurasa wa mwisho, msomaji akiwa amelala.

Hatua ya 7: Ruka

Usiwafuate siku hadi siku. Acha mstari mtupu, miezi minne ipite, rudi jikoni. Msomaji ataujaza mwanya mwenyewe kuliko ambavyo ungemjazia. Weka alama moja tu ya wakati: mwembe uliokuwa na maua sasa una maembe, mbuzi iliyokuwa na mguu mzima imefungwa kamba.

Mbinu rejeshi inavutia sana hapa. Unatamani kumrudisha Bi Mwanaidi ujanani, naye akiwa mkwe aliyeteswa na mama mkwe wake, ili tumwelewe. Niliandika kurasa mbili za namna hiyo. Zilikuwa nzuri. Nikazitoa zote, kwani zilimfanyia Bi Mwanaidi utetezi kabla hajashtakiwa. Kikabaki kitu kimoja: mbuzi ilikuwa ya mama mkwe wake. Sentensi moja, imepitishwa juujuu.

Hatua ya 8: Sahihisha na kalamu katili

Rasimu ikiisha, ilaze siku tatu. Kisha tafuta maneno haya na uyatilie shaka yote: *uhusiano wao*, *tangu siku hiyo*, *hatimaye*, *aligundua kwamba*, *kwa mara ya kwanza*. Kila penye mojawapo, uliza kama tendo lililotangulia limeshasema. Likiwa limesema, futa. Likiwa halijasema, usiongeze maelezo, rekebisha tendo.

Halafu chora jedwali dogo, safu tatu: wito, salamu, nani anagusa nini. Pitia hadithi ukijaza kila wanapokutana. Mimi nilikuta Bi Mwanaidi kamwita Rehema "mwanangu" ukurasa wa pili, kwa bahati mbaya tu, kalamu ilijiandikia. Ngazi nzima ilikuwa imeanguka nami sikujua.

Mwisho msomee mtu kwa sauti, ikiwezekana asiye mwandishi. Niliwahi kumsomea shangazi yangu. Nilipofika kwenye tui la kahawia akanikatiza: "Huyo mama haoni." Ni aya tatu kabla ya pale nilipokuwa nimepanga msomaji ajue. Nikarudi nikapunguza vidole vinavyopapasa kifuu, vilikuwa vimepapasa mara mbili, vikabaki mara moja.

Sasa tukio la tatu. Rasimu ya kwanza iliisha hivi: Bi Mwanaidi anampa Rehema mbuzi, wanakumbatiana, na Rehema "akajua kwamba sasa amekubaliwa katika familia ile". Nilitoa kukumbatiana. Kisha nikatoa kujua. Nikatoa na familia. Vikabaki vifuatavyo:

Bi Mwanaidi aliisukuma mbuzi kwa mguu hadi ikagusa kiti cha Rehema. Nje muuza samaki alikuwa akipita na kengele ya baiskeli.

"Usikune mpaka kifuu," alimwambia.

Rehema aliketi, akaweka nazi kwenye meno ya mbuzi. "Nisipoona je, mama?"

Kimya kidogo. Kisha jikoni walicheka.